Nyasi za Mteremko wa Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeanza rasmi kazi ya kuufunika Mlima. Kwenye karatasi za ofisi unaitwa Jaa la Mabaki ya Makaa ya Mawe, lakini hakuna mtu mwenye pumzi ya kusema yote hayo. Ni rundo tu — mawe meusi, vumbi, na makaa mabovu ambayo mgodi ulikuwa ukiyatupa miaka yote ulipokuwa hai. Mgodi umekufa. Rundo limebaki, na mimi nimeajiriwa kulivika nguo.

Mama mkwe anaieleza kazi yangu hivi: "Mkwe wangu anapanda nyasi." Aliwaambia majirani nikiwa nimesimama pale pale. Nimesomea udongo mpaka nikavaa miwani. Sawa. Napanda nyasi.

Meneja wa mradi ana ramani kubwa ukutani. Mlima wote ameshaupaka kijani kwa kalamu ya wino. Nikamwambia bado hatujapima asidi. Akasema rangi ni ya kutia moyo. Humu ndani nitamwita Kijani.

Kuna pande mbili za kushughulikia. Mteremko wa mbele unatazama barabara kuu. Mteremko wa nyuma unatazama nyumba za watu, na nyumba ya mwisho kabisa, ile ambayo ukuta wake wa jikoni unakaribia kugusana na mawe, ni ya mama mkwe. Anaishi peke yake na anapenda hivyo.

Jumatano, 5 Juni

Asidi iko juu, kama nilivyodhani. Mahali pengine ungeweza kuchaji betri.

Nimetenga vipande vya majaribio, vitatu mbele na vitatu nyuma. Vyote nimevitendea haki sawa: udongo mwembamba juu ya mawe, chokaa ya kupunguza ukali, mbolea ya kuku, halafu mbegu zangu — mchanganyiko wa nyasi na mimea jamii ya kunde. Nimekaa na mchanganyiko huo kichwani mwaka mzima. Gari la maji linapita asubuhi na jioni.

Nimerudi nyumbani nanuka kuku. Mume wangu ameniambia viatu nivue getini. Nilipofika mlangoni akaongeza na nguo. Huyu ndiye aliyeapa mbele ya watu kwamba atanipenda katika hali zote.

Jumamosi, 8 Juni

Tumekwenda kumsalimia mama mkwe. Baridi imeanza kuuma.

Kwenye mteremko wa nyuma, hatua chache juu ya nyumba yake, kuna jiwe pana linalopata joto. Kila msimu wa baridi wazee wa mtaa hupanda na mikeka yao asubuhi, wakakaa hapo kama wanasubiri daktari. Magoti, viuno, migongo. Mshonaji wa mtaani amenishika mkono kabisa: huko kufunika kwenu msije mkafunika Jiwe. Nikasema tutaona. Nikawaeleza kwamba mawe meusi hunyonya jua kuliko mawe mengine. Hilo hufundishwa mwaka wa kwanza. Walinisikiliza kwa adabu.

Mama mkwe hakuwa pale. Siku hizi hapandi, anasema hana haja. Nikajua magoti yamezidi na hataki kusema. Nimemhurumia njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 10 Juni

ZIMEOTA!

Nyuma. Vipande vyote vitatu. Wiki haijaisha! Mbele bado ni peusi tupu, lakini nyuma kuna vijani vidogo, laini, vimejaa kama nywele za mtoto. Nimepiga magoti, nimepiga picha, halafu nimecheza kidogo. Nilidhani niko peke yangu. Dereva wa katapila alikuwa kwenye kiti chake juu, anakunywa chai. Amenipungia kikombe.

Mchanganyiko wangu umefanya kazi. Nimefurahi mpaka nimeona aibu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimempelekea Kijani mapendekezo. Shida yenyewe ni hii: udongo mfinyanzi, ule mzito wa kushindilia juu ya mawe kabla ya kupanda, hautoshi pande zote mbili mwaka huu. Lazima tuchague upande. Nimeandika kwamba mteremko wa nyuma unaitikia vizuri mno hata kwa udongo mwembamba, kwa hiyo mfinyanzi wote uende mbele, ambako mbegu zinasuasua.

Kijani amesoma akiwa amesimama. Kumbe tarehe mosi Julai wanakuja wageni wakubwa, wale wanaotoa fedha za mradi, na watapita barabara kuu. Upande wa mbele! Akasema hajawahi kufanya kazi na mtaalamu anayeona mbali kama mimi. Amenivika kilemba cha ukoka, na ukoka wenyewe nimeotesha mimi. Nimekivaa hivyo hivyo mpaka nyumbani.

Jumanne, 18 Juni

Malori yanamwaga mfinyanzi mbele. Katapila inasambaza na kushindilia. Kazi safi.

Nyasi za nyuma zimepata unjano kwenye ncha. Njaa. Nimeongeza mbolea.

Jumatano, 19 Juni

Unjano umeshuka. Kiu labda. Nimeongeza maji. Halafu chokaa. Nazihudumia kama mgonjwa wa kulazwa.

Za mbele nazo zimechomoza hatimaye. Fupi, ngumu, zimekunja sura. Hazina mvuto wowote.

Ijumaa, 21 Juni

Nianzie wapi.

Asubuhi nimeshika shungi la nyasi kule nyuma nikavuta. Limekuja lote bila ubishi. Mizizi ilikuwa ya kahawia na laini, kama mboga iliyosahaulika kwenye sufuria.

Nina kipimajoto cha mboji, kile kirefu cha kuchomeka. Sikuwahi kukitumia hapa, maana nani anapima homa ya mawe. Nimekichomeka. Juu juu, joto la kawaida la mtu mzima. Nikasukuma hadi kina cha mkono. Mshale ukazunguka, ukafika mwisho wa namba, ukagota pale. Nikadhani kimeharibika. Nimejaribu mahali pengine, na pengine. Kimegota kila mahali.

Mlima unaungua ndani. Si kwa ndimi za moto, ni polepole. Makaa mabovu yakipata hewa kwenye nyufa hupata joto yenyewe, yakaanza kufukuta, na yanaweza kufukuta hivyo miaka. Hilo nalo hufundishwa mwaka wa kwanza. Ukurasa wa mbele kidogo.

Kwa hiyo nyasi zangu hazikuota kwa sababu ya mchanganyiko. Nilizipanda juu ya jiko. Ziliwahi kwa sababu ya joto, na zimekufa kwa sababu ya joto. Na dawa ya kufukuta ni moja: kuziba hewa kwa tabaka nene la mfinyanzi lililoshindiliwa. Mfinyanzi ambao mimi, kwa mkono wangu na kwa maneno matamu, nimeupeleka upande wa pili.

Nimekwenda kukaa Jiweni. Wazee wakasogea wanipishe, na mshonaji akaniuliza ni goti au kiuno.

Jumamosi, 22 Juni

Nimemfuata Kijani ofisini ingawa ni Jumamosi. Alikuwa anachagua viti vya wageni.

Nikamweleza yote. Akanisikiliza vizuri. Halafu akafungua droo, akatoa mapendekezo yangu, akanisomea. "Unaitikia vizuri mno." Ana sauti nzuri ya kusoma. Nikasema nilikosea. Akasema mtaalamu hawezi kukosea Ijumaa kitu alichokuwa na uhakika nacho Alhamisi. Nikasema ilikuwa Alhamisi ya wiki nyingine. Haikusaidia.

Akauliza kama moto unaonekana. Nikasema hapana, ila asubuhi kuna mvuke. Akasema huo ni ukungu. Wageni wakishaondoka tutakaa, tutaangalia, labda bajeti ijayo. Nikamwambia chini ya mteremko kuna nyumba za watu. Akauliza hiyo ya karibu ni ya nani. Nikamjibu.

"Ahaa," akasema. "Kumbe ni mambo ya familia."

Nimetoka bila kuaga. Nina hasira naye, na hasira yenyewe hainipi raha, kwa sababu karatasi aliyoshika ni yangu.

Jumapili, 23 Juni

Nimempitisha mume wangu nyuma ya nyumba ya mama yake, tukiwa na nondo, nyundo na kipimajoto. Unatoboa kwa nondo, unachomeka, unasoma, unasogea. Tumeteremka hivyo kutoka vipande vyangu. Nilitarajia joto litapoa kadiri tunavyoshuka. Halikupoa. Limekuja nasi mpaka ukuta wa jikoni.

Mume wangu ndiye aliyenikumbusha. Baba yake, Mungu amrehemu, alisawazisha kiwanja kwa kifusi cha Mlima. Kilikuwa cha bure, cha jirani, kinashindilika vizuri. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Nyumba imekalia kipande cha Mlima, na kipande hicho kimeungana na mwenzake.

Mama akatokea dirishani. Mnafanya nini? Nikasema napima udongo. Akasema hata Jumapili, hawa watu wanakulipa kweli? Ingieni mnywe chai.

Akatandika mkeka jikoni. Ana viti vinne na meza, kakaa chini. Huku anamimina chai akanieleza habari zake njema. Mwaka huu magoti hayajamsumbua hata siku moja. Hana haja tena ya kupanda Jiweni na kusikiliza umbea wa mshonaji. "Mwanangu, hii sakafu yangu sijui imepatwa na nini. Imekuwa na huruma."

Nimeweka kiganja kwenye saruji. Mume wangu alikuwa ananitazama usoni, nikashindwa kuuficha uso.

Kichwa tu, akaendelea, ndicho kinamgonga asubuhi akiamka. Anafikiri ni miwani.

Nikainuka nikafungua dirisha. Akainuka akalifunga. Baridi, akasema.

Nimeogopa. Naandika hivyo kwa sababu njia nzima nilikuwa nazungumza habari za nyuzi joto.

Jumatatu, 24 Juni

Nimeandika upya. Nimefuta kila nilichosema kuhusu mteremko wa nyuma, nimeeleza kosa ni langu na lilitokeaje, nimeomba mfinyanzi wote uliobaki uhamishiwe nyuma. Nimempa Kijani. Nakala nimepeleka makao makuu ili asiseme hakuona.

Mume wangu amekwenda kumwambia mama yake ahamie kwetu. Amerudi na vitunguu. Mama amekataa, ila ametuma vitunguu.

Alhamisi, 27 Juni

Makao makuu kimya. Kijani ananipita kwenye korido kama anapishana na fenicha.

Amenunua mazulia ya nyasi zilizooteshwa tayari, yale ya kukunjua. Yametandikwa juu ya vipande vyangu vya nyuma, endapo mgeni atazunguka. Kwa joto lile yatakaa kijani mpaka Jumatatu jioni, nikiyakadiria kwa ukarimu. Kitaalamu ni makadirio mazuri.

Dereva wa katapila amenikuta nayaangalia. Akauliza, dada, ni kweli ile nyumba ya mwisho ni ya mama yako? Nikasema mama mkwe. Akasema yeye pia ana mama mkwe, sijui ilikuwa pole au nini. Halafu akasema kule mbele kuna marundo makubwa ya mfinyanzi bado hayajasambazwa, na malori humwaga anapoelekeza yeye. Lakini yeye hawezi kufanya kitu bila karatasi. Ana watoto.

Nikamuuliza karatasi ya nani.

Ya mtu yeyote mwenye muhuri, akasema.

Muhuri ninao. Wa kugonga kwenye vibandiko vya sampuli za udongo.

Ijumaa, 28 Juni

Nimeandika karatasi ya kuhamishia mfinyanzi nyuma, nikaigonga muhuri. Nimeweka na sahihi. Nikifukuzwa nitakuwa nimefukuzwa kwa jambo ninalolielewa.

Dereva ameisoma mara mbili, akaikunja akaiweka kwenye kofia. Jumapili, akasema. Jumapili ofisini hakuna mtu.

Jumamosi, 29 Juni

Sakafu ya jikoni imepasuka. Ufa mwembamba, unatoka kona ya ukuta hadi karibu na mkeka. Unatoa harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi.

Nimepiga simu zimamoto. Wakauliza moto uko wapi. Nikasema chini. Chini ya nini? Chini ya nyumba. Unawaka? Hapana, unafukuta. Nikasikia mtu akifunika simu kwa mkono na wengine wakicheka mbali. Wakasema watakuja Jumatatu kuangalia, kwa vile Jumatatu watakuwa huku huku. Wanasindikiza wageni.

Nikamweleza Mama wazi, kila kitu. Nikaacha habari za Mlima, nikamweleza kuhusu hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa, kwamba ndiyo inayomgonga kichwa, kwamba haina rangi wala harufu na mtu hulala nayo akapitiliza. Akauliza kama haina harufu wala rangi mimi nimeijuaje. Ni swali zuri. Nikasema nimesoma. Akasema hata nyasi ulisoma.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananiongezea sukari.

Nimefungua dirisha. Amefunga. Mume wangu kafungua. Kamfungia na yeye. Tumekubaliana mmoja wetu alale pale sebuleni na milango yote wazi, na usiku huu amebaki mume wangu. Amechukua blanketi mbili na koti langu.

Jumapili, 30 Juni

Naandika nikiwa jikoni kwa Mama, chini, mgongo ukutani, dirisha nimelifungua tena. Daftari nimeliweka kwenye magoti. Hakuna kazi nyingine ninayoweza kufanya sasa hivi isipokuwa kukaa.

Katapila imekuja. Naisikia juu yetu, na malori nayo yanarudi kinyumenyume yakilia. Dereva ametimiza neno. Ila alipofika aliniita pembeni, kofia mkononi. Anaweza kuziba mteremko wote mpaka pale juu ya ukuta, leo leo. Huku chini, kwenye kiwanja, hawezi. Hawezi kuleta mashine ile hapa kama kuna mtu ndani. Kishindo kitafungua nyufa, na ardhi iliyoungua ndani inaweza kuwa tupu, ikatitia. Mtu atoke kwanza, ndipo ashuke.

Na akishaziba juu bila kuziba chini? Sikuhitaji kuambiwa. Hewa na moshi vitatafuta pa kupitia. Pa kupitia nimepakalia.

Nilimwambia dereva aanze na juu kabisa, polepole, asikaribie ukuta. Nimempa Mama muda mpaka dereva atakapomaliza huko.

Mume wangu anatoa vitu. Ameanza na sebule. Anatoa kwa mlango wa mbele, na Mama anavizungukia na kuvirudisha kwa mlango wa nyuma. Kiti kimoja kimeshapita mbele yangu mara kadhaa, nimeanza kukizoea. Hawajagombana. Wanapishana wakisema samahani.

Mara ya mwisho Mama amerudi na picha ya marehemu, akaitundika palepale ilipokuwa, akaketi kwenye mkeka kando yangu. Akavuta pumzi. Nikamshika mkono. Nikamwambia, Mama, mimi ndiye niliyeandika ule mfinyanzi upelekwe mbele. Ningeandika vingine, haya yote yangekuwa yamefunikwa wiki iliyopita. Akasema anajua, mwanawe alishamwambia. Akasema yeye ndiye aliyembebea mumewe kifusi hiki, karai kwa karai, akiwa na mimba ya huyo anayehamisha viti. Walisawazisha chumba hiki kwanza. "Sasa na wewe utaniambia nikiache kwa sababu kina joto?"

Akaniambia nijinyooshe, naonekana nimechoka. Nimejinyoosha. Lazima niwe mkweli humu: ni raha. Joto linapanda mgongoni taratibu, na tangu Ijumaa ile sijalala vizuri. Ningeweza kusinzia hapa. Ndiyo maana simwachi Mama humu peke yake.

Kichwa kimeanza kunigonga kidogo, huku kwenye paji.

Katapila imenyamaza. Amemaliza juu. Namsikia dereva anashuka, na sasa anagonga ukuta kutoka nje kwa kiganja, kwa adabu, kama mgeni.

Mume wangu ameingia, ameweka droo chini, amesimama mlangoni. Amesema, "Mama. Tafadhali."

Mama amenitazama mimi. Ametazama ufa. Ametazama picha, muda mrefu kidogo. Halafu ameegemea bega langu, ameinuka, amevaa kandambili zake na kujifunga vizuri shuka lake. Mume wangu ameshanyoosha mkono wa kumshika. Mimi nimeshaanza kukusanya vikombe.

Amepita kati yetu, amekwenda kufunga dirisha. Baridi, amesema.